Mayai Mangapi Yanamtosha Mama?

Mazungumzo ya redio
Masomo: Kumbukumbu la Torati 22:6-7, Ayubu 39:13-18

Leo natamani tuketi pamoja kidogo nyuma ya nyumba, pale penye kizimba cha kuku, kwa maana hapo pana fundisho ambalo wengi wetu tumelipita kila asubuhi bila kulitazama.

Kuku wetu wa kienyeji hutaga mayai 10 hadi 15 hivi, kisha huacha kutaga na kuyalalia. Njiwa akaaye juu ya dari ya nyumba ile ile hutaga mayai 2 tu. Naye mbuta, yule samaki mkubwa anayeletwa kutoka Ziwa Victoria na kuuzwa vipande vipande kule Daraja Mbili mjini Kisii, jike lake likikomaa hutaga mayai kwa mamilioni. Viumbe hawa wote watatu wanatafuta jambo moja, nalo ni kuacha watoto duniani. Mbona basi hesabu zao zinapishana hivyo? Je, njiwa ni mvivu? Je, mbuta ndiye mzazi hodari kuliko wote?

Tukiulizwa swali hili mara nyingi twajibu kwamba ndivyo walivyoumbwa. Jibu hilo ni la kweli, ila ni fupi mno. Mkulima akikuuliza kwa nini mahindi yake yamekuwa manjano, humjibu kwamba ndivyo mahindi yalivyo; unainama ukitazama udongo. Basi na tuiname leo tutazame kiota.

Hesabu ya kuku

Tuanze na kuku, kwa kuwa ndiye tumjuaye. Chukua kuku jike wa kienyeji mwenye uzito wa kilo moja na nusu. Yai lake lina uzito wa gramu 40 hivi. Akitaga mayai 12, ametoa mwilini mwake karibu nusu kilo, yaani theluthi moja ya uzito wake mwenyewe. Mafuta yaliyomo katika kiini, chokaa ya ganda, maji, vyote vimetoka katika mtama aliookota na wadudu aliowachakura.

Hiyo ni gharama ya kwanza. Ya pili ni kulalia. Kwa siku 21 kuku huyo hukaa juu ya mayai usiku na mchana. Hutoka kwa muda mfupi tu, akanywa maji, akadonoa punje mbili tatu, akarudi mbio. Wakati huo anakonda, na ukimshika utaona manyoya ya tumboni yamepungua na ngozi imebaki wazi, ili joto la damu yake lifike kwenye mayai pasipo kizuizi. Gharama ya tatu ni malezi. Vifaranga wake hutembea siku ile ile waliyoanguliwa na hujidonolea wenyewe, lakini hawana joto la kutosha mwilini, wala hawajui mwewe ni nani. Kwa wiki nane au zaidi mama atawafunika, atawaita kwenye chakula, atamrukia mbwa. Muda huo wote hatagi yai jingine. Ndiyo sababu kuku wa kienyeji aliyeachwa kufuata desturi yake hawezi kulea zaidi ya mara tatu hivi kwa mwaka.

Sasa, wako watu hujiambia, "Kuku wangu ni mkubwa, nitamwekea mayai 20." Sikilizeni yatokeayo. Mwili wa kuku hufunika mayai 12 au 13 vizuri. Yakiwa 20, yale ya pembeni hupata baridi. Kama yangekuwa ni yale yale ya pembeni siku zote, hasara ingekuwa ni hayo 7 tu. Lakini kuku huyageuza mayai yake kila siku na kuyahamisha, la katikati likaenda ukingoni, la ukingoni likaja katikati. Basi kila yai hupata zamu yake ya baridi, na baridi hiyo huweza kuua hata vifaranga ambao wangeishi. Mwenye tamaa ya vifaranga 20 huishia na 5, na jirani yake aliyeweka 12 akapata 10.

Hapo ndipo penye kiini cha mazungumzo yetu. Kuongeza idadi kupita uwezo wa mzazi hakuwadhuru wale waliozidi peke yao. Huwadhuru wote.

Njiwa na wengine walishao makinda

Njiwa naye ana shida ya namna nyingine. Kinda lake huzaliwa kipofu, uchi, na halina nguvu ya kusimama. Haliwezi kudonoa kitu. Lazima lilishwe mdomoni, na chakula cha siku za kwanza si nafaka. Baba na mama wote wawili hutengeneza katika kile kifuko cha chakula kilichoko chini ya shingo kitu kama uji mzito, wenye mafuta na protini nyingi, ambao wataalamu huuita maziwa ya njiwa. Ni maziwa kweli kwa kazi yake, ingawa hayatoki kwenye titi. Mwili wa njiwa wawili hutosha kutengeneza maziwa ya makinda mawili. Akiwekewa kinda la tatu, wote watatu hukua kwa shida.

Tena njiwa hupata faida ambayo kuku haipati. Kwa kuwa makinda ni mawili tu na wazazi ni wawili, kazi huisha haraka, nao huweza kutaga tena baada ya muda mfupi, mara nyingi kwa mwaka. Ukihesabu mayai ya kiota kimoja utasema njiwa ni mvivu. Ukihesabu kwa mwaka mzima utaona kwamba umemkosea.

Wasomaji wa Biblia watakumbuka ya kwamba mama maskini katika Israeli, asiyeweza kununua mwana-kondoo, aliruhusiwa kuleta hekaluni ndege wawili, hua au makinda ya njiwa, na kwamba Yusufu na Mariamu walitoa sadaka ya namna hiyo. Makinda mawili ya njiwa ndiyo jumla ya kiota kimoja. Sijui kama mtoa sheria aliwaza hivyo, lakini maskini yeyote mwenye kiota kimoja aliweza kuitimiza sheria.

Mtaalamu wa Amani

Swali hili la idadi ya mayai lilichunguzwa kwa bidii hapa hapa Afrika Mashariki. Mwaka 1928 Mwingereza mmoja, Reginald Moreau, alifika kufanya kazi katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Amani, katika milima ya Usambara, nchi ya Tanganyika. Alikaa huko hadi mwaka 1946. Kazi yake ya ofisini haikuwa ndege, lakini ndege ndio waliokuwa furaha yake. Mwaka 1944 alichapisha makala ndefu iliyolinganisha idadi ya mayai ya ndege wa Afrika, wale wa karibu na Ikweta kwa wale wa kusini zaidi.

Jambo lililoonekana wazi ni hili: ndege wa jamii moja wanaokaa karibu na Ikweta hutaga mayai machache kuliko ndugu zao wakaao mbali nayo. Ndege mdogo wa Ulaya huweza kutaga 5 au 6 au zaidi, na mwenzake wa huku kwetu akataga 2 au 3. Nasi wa Kisii na Nyamira tuko karibu sana na Ikweta, haitimii hata digrii moja kamili kusini yake. Kwa hiyo viota vya ndege wadogo katika ua wetu, mara nyingi ukichungulia, utakuta mayai 2 au 3.

Kwa nini? Mtaalamu mwingine, David Lack wa Oxford, ambaye alizitegemea sana kazi za namna hiyo, alieleza mwaka 1947 na tena katika kitabu chake cha mwaka 1954 kwamba ndege alishaye makinda hutaga idadi ile ambayo kwa kawaida itamwezesha kulea makinda mengi zaidi mpaka waruke. Hatagi kadiri awezavyo kutaga. Hutaga kadiri awezavyo kulisha. Katika mnara wa jumba la makumbusho la Chuo Kikuu cha Oxford walikaa ndege waitwao teleka, wafananao na mbayuwayu, ambao kwa kawaida hutaga 2 au 3. Watafiti waliongeza kinda katika baadhi ya viota. Mwaka 1964 Christopher Perrins alieleza matokeo: viota vyenye makinda 4 vilitoa ndege wachache walioruka kuliko viota vyenye 3. Ni habari ile ile ya kuku wetu mwenye mayai 20.

Huko Ulaya siku ya kiangazi ina mwanga wa saa 16 au zaidi, na wadudu hujaa. Tena baridi kali ya kila mwaka huua ndege wengi, hivi kwamba wanaobaki hupata chakula tele msimu wa kulea ukifika. Kwetu siku ni saa 12 mwaka mzima. Chakula kipo, lakini na walaji wapo. Pia kwetu kuna nyoka, tumbili na wezi wengine wengi wa viota. Kila safari ya mzazi kwenda kiotani huweza kumwonyesha adui njia. Mwenye makinda wachache husafiri mara chache. Na jambo la mwisho, ambalo wataalamu wa baadaye wamelitilia mkazo: ndege mdogo wa huku, akishakuwa mtu mzima, mara nyingi huishi miaka mingi kuliko yule wa nchi za baridi. Basi yafaa asijimalize kwa kiota kimoja, kwa kuwa mwakani atalea tena.

Mwaka 1972 Mmarekani Robert Trivers aliiweka hesabu hiyo kwa njia iliyo wazi. Kila anachompa mzazi mtoto mmoja ili aishi, iwe ni chakula, joto, au hatari anayoikubali kwa ajili yake, ni kitu ambacho hawezi tena kumpa mtoto mwingine, aliyeko au atakayekuja. Hakuna mzazi, wa manyoya wala wa magamba, asiyelipa gharama hiyo.

Ngege, fulu na mbuta

Tushuke sasa ziwani. Mvua inyeshayo Kiabonyoru huingia mto Gucha, na mto huo huishia Ziwa Victoria, kwa hiyo mambo ya ziwa si ya majirani zetu peke yao.

Mbuta jike hutaga mayai madogo mno, akayaacha majini na kwenda zake. Hayalindi, wala hawajui watoto wake. Mamilioni yale karibu yote huliwa au hufa. Yeye ametupa mbegu nyingi kama mtu apandaye kwa kutapanya kando ya njia, akitumaini chache zitaota. Kasa wa bahari kule pwani yetu hufanana naye kidogo: huchimba shimo mchangani, hutaga mayai mia moja na zaidi, hufukia, hurudi baharini.

Ngege ni kinyume chake. Dume huchimba shimo duara chini ya maji, jike hutaga mayai mia kadhaa, kisha huyaokota yote kwa mdomo. Humo mdomoni huyabeba mpaka yaanguke, na hata watoto wakishaanguliwa hukimbilia humo wakiona hatari. Kwa siku kumi hivi au zaidi mama hali chakula, au hula kidogo sana. Ndugu, hebu waza: kinywa, ambacho ndicho mlango wa chakula, amekigeuza kuwa chumba cha watoto.

Wale samaki wadogo waitwao fulu hufanya vivyo hivyo, lakini wao ni wadogo zaidi, na mama mmoja hubeba makumi tu ya mayai. Ziwa Victoria lilikuwa na mamia ya aina za fulu, wengi wao wasiopatikana mahali pengine popote duniani. Mbuta hakuwa wa ziwa hilo. Alipandikizwa humo katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, na kufikia miaka ya 1980 alikuwa ameongezeka kupita kiasi. Katika muda mfupi fulu wengi walitoweka, baadhi yao milele.

Hapa tujifunze jambo. Njia ya fulu, ya mayai machache na malezi makubwa, ilikuwa njema kwa maelfu ya miaka. Lakini njia hiyo ina sharti moja: mama lazima abaki hai. Mbuta alipommeza mama mmoja wa fulu, alimeza na watoto wote waliokuwa kinywani mwake, na wale ambao angewazaa mwaka uliofuata. Kiumbe ataguye makumi hawezi kuziba pengo upesi kama ataguye mamilioni. Mbuta hakuwa adui wa pekee. Uchafu uliingia ziwani, na udongo kutoka mashamba ya milimani, yakiwemo yetu, ukayatia maji matope; na fulu jike humtambua dume wa aina yake kwa rangi, ambayo haionekani vizuri katika maji machafu. Katika miaka ya karibuni baadhi ya fulu wameanza kuonekana tena kwa wingi, nalo ni jambo la kushukuru, lakini si wote waliorudi.

Mbuni wa Ayubu

Somo letu la pili lamtaja mbuni, ambaye huyaacha mayai yake mchangani kana kwamba si yake. Wengine husoma hapo na kusema, "Basi mbuni ni mama mbaya." Tutazame polepole.

Katika hifadhi ya Tsavo Magharibi, nchini mwetu Kenya, mtafiti Brian Bertram aliwachunguza mbuni katika miaka ya 1970. Aliona ya kuwa kiota kimoja hutumiwa na majike kadhaa. Jike mkuu ndiye akaaye na kulalia mchana, na dume hulalia usiku. Wengine huja, hutaga, huenda zao. Mayai huweza kuzidi 20, ambayo ndiyo karibu kiasi kinachoweza kufunikwa na mwili wa mbuni. Ndipo jike mkuu huyasukuma mengine nje ya duara. Na Bertram alieleza mwaka 1979 kwamba yale yanayosukumwa nje ni ya wengine. Mayai yake mwenyewe huyatambua, naye huyaweka katikati.

Mpita njia anayeyaona mayai yaliyotupwa kando haoni uongo. Kweli yameachwa. Ila haoni habari yote, kwa maana hajamwona yule baba mweusi alalaye juu ya mengine usiku, wakati simba wakitembea. Tujihadhari, wapendwa, kumhukumu mzazi kwa kuliona yai moja lililo nje ya kiota.

Sheria ya kiota

Sasa turudi kwenye somo la kwanza. Katika Kumbukumbu la Torati imo sheria ndogo ya ajabu. Mtu akikuta kiota njiani, na mama amelalia mayai au makinda, asimchukue mama pamoja na watoto. Anaruhusiwa kuchukua watoto, mama amwache. Na ahadi iliyofungamanishwa na sheria hiyo ni kubwa, ahadi ya heri na siku nyingi, karibu sawa na ile ya kuwaheshimu baba na mama.

Baada ya yote tuliyoyasikia, twaona hekima yake. Aliyechukua mayai amechukua mavuno ya msimu mmoja. Mama akibaki, kiota kitajaa tena. Aliyechukua mama amechukua mayai ya miaka yote iliyokuwa mbele. Katika vituo vya kuzalishia samaki wadogo, wafanyakazi humshika ngege jike, huyatoa mayai kinywani mwake kwa upole na kuyaangulia katika vyombo vyenye maji yanayotembea, kisha humrudisha mama bwawani. Kwa kuwa amepunguziwa siku za kufunga, hutaga tena mapema. Wakulima wengi wa Kisii na Nyamira walichimba mabwawa baada ya mwaka 2009, serikali ilipoanza mpango wa mabwawa 200 katika kila eneo bunge miongoni mwa maeneo 140, na pale Kegati kuna kituo cha utafiti wa ufugaji wa samaki. Wanaofanya kazi hiyo wanaitii hesabu ya Musa, hata kama hawaitaji.

Kwetu nyumbani nako sheria hiyo ina kazi. Mgeni akifika ghafula, ni kuku yupi hukamatwa? Mara nyingi ni yule aliye karibu, mama mwenye vifaranga wa wiki mbili, kwa sababu haendi mbali. Tumemkirimu mgeni, na usiku vifaranga 8 wamekufa kwa baridi. Wapo majogoo wanne uani, mwache mama. Mpe kinga ya kideri kabla ugonjwa haujaja, kwa kuwa kideri humaliza kizimba kizima katika siku chache, mama kwanza.

Na pale bondeni, kwenye majani marefu ya kinamasi, wako korongo wenye taji ya dhahabu kichwani. Hao hutaga 2 au 3, hulalia kwa zamu, baba na mama, karibu mwezi mzima, kisha huwatembeza watoto wao miezi miwili au mitatu mpaka waruke. Tangu mwaka 2012 wamewekwa katika orodha ya ndege walio hatarini kutoweka duniani. Vinamasi vyetu tumevikausha, tumepanda mikaratusi inywayo maji, tumechimba udongo wa matofali. Kiumbe ataguye mayai mawili hawezi kushindana na jembe letu. Kijana anayeliona kiota la korongo na kukiacha, na mzee anayeacha kipande cha bonde bila kukipanda miti hiyo, wametenda jambo kubwa kuliko wanavyodhani.

Na sisi je?

Mwanadamu si kuku, wala si samaki. Sipendi mtu aondoke kwenye redio yake akisema mchungaji amehesabu watoto wa watu. Lakini twaweza kujifunza unyenyekevu.

Kati ya mwaka 1955 na 1957, na tena kati ya 1974 na 1976, mtafiti Robert LeVine na wenzake walikaa miongoni mwa Abagusii wakiangalia akina mama wanavyolea. Kitabu chao kilitoka mwaka 1994. Waliona mama wa Kigusii akilala na mtoto wake, akimbeba, akimnyonyesha mara tu aliapo. Hakuongea naye sana kama akina mama wa Marekani waliolinganishwa naye, ambao walikuwa na watoto wachache na kuwasemesha mchana kutwa. Watafiti hawakusema mmoja ni mama bora na mwingine ni duni. Walisema kila mmoja alifanya hesabu iliyofaa mahali pake. Pale ambapo watoto wengi hufa wachanga na ardhi ingalipo, mama huwaza kwanza uhai wa mtoto, naye huzaa wengi.

Nyakati zimebadilika. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mwanamke wa Kenya alikadiriwa kuzaa wastani wa watoto 8. Katika uchunguzi wa mwaka 2022 wastani ulikuwa 3.4. Watoto wengi zaidi huishi, karo imepanda, na shamba ambalo babu alilima kutoka mtoni hadi kilimani limegawanywa kwa wana na wajukuu mpaka limekuwa mistari michache ya chai na ndizi. Wazee wetu waliozaa 10 hawakuwa wajinga. Wala vijana wanaozaa 2 si wachoyo. Na yule dada ambaye kiota chake hakikupata hata yai moja hana deni kwa mtu yeyote, wala haifai aitwe majina mabaya sokoni au kisimani, na hasa si kanisani.

Bwana wetu alipotaka kueleza alivyowapenda watu wa Yerusalemu, hakujifananisha na samaki mwenye mamilioni. Alijifananisha na kuku akusanyaye vifaranga chini ya mbawa. Kuku ni mama wa wachache, na mbawa zake zina mwisho, lakini kila aliye chini yake anaguswa na joto.

Basi jioni hii, utakapofunga kizimba, hesabu vifaranga. Kisha ingia ndani uhesabu walio mezani. Uliza kila mmoja amekula nini leo, na ni nani aliye pembeni, penye baridi, ambaye zamu yake ya kuja katikati imefika.